Bugaluu ya Mama, Wanja wa Bibi na Buti Zako Nyeusi

 Wiki hii najibu barua moja tu, na nimeisoma mara tatu.

Imetoka kwa binti wa miaka 20, yuko Morogoro. Anapenda nguo nyeusi, minyororo, buti nzito na muziki wa magitaa yanayonguruma. Tangu mwaka jana ameingiwa na mapenzi ya miaka ya sabini: afro, suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni vya soli nene, macho yaliyochorwa yakakolea. Siku ya sendofu ya binamu yake akavaa vyote, kuanzia utosini hadi kisiginoni. Alipofika mlangoni shangazi mmoja akauliza kwa sauti, "Kumbe mmeleta na kikundi cha maigizo?" Ukumbi ukacheka. Binti akarudi nyumbani kabla ya chakula. Swali lake ni hili: "Dada, nimekosea wapi? Au hivi vitu vya zamani si vya watu kama mimi?"

Mdogo wangu, ni vyako. Tena ni vyako kuliko unavyodhani, na nitakuonyesha. Ulipokosea ni kwenye kipimo. Uliuvaa mwaka 1974 wote kwa siku moja, na hata walioishi mwaka huo hawakuuvaa wote.

Nina picha ya mama yangu ya mwaka 1975, imepigwa studio hapa Dar es Salaam, nyuma yake pazia lililochorwa minazi. Amevaa bugaluu iliyofunguka chini kama kengele. Lakini juu ana blauzi ya kawaida kabisa ya kazini, nywele amesuka twende kilioni, miguuni ana sandali. Kwenye picha ile bugaluu ndiyo inayosema, vingine vyote vimenyamaza ili isikike. Ndivyo wanawake wa siku zile walivyovaa. Mtu alikuwa na suruali moja ya kujivunia, akaitafutia wenzake wa kuisindikiza kutoka kwenye nguo alizokuwa nazo sandukuni.

Na wewe fanya hivyo. Chukua kitu kimoja kutoka muongo unaoupenda, vingine viwe vyako vya leo: buti zako, fulana yako ya bendi, pete zako za chuma. Ukishindwa kuamua uchukue kipi, mimi nina kipimo changu. Natafuta kile kilichowaletea watu ugomvi.

Nieleze. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulitangaza Operesheni Vijana, ianze rasmi Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku Dar es Salaam vilikuwa minisketi, mawigi, krimu za kujichubua, na suruali na kaptura za kubana. Kabla hata ya Januari kufika, vijana wa kiume walianza kuwashambulia wasichana maeneo ya Kariakoo, wengine wakishushwa kwenye mabasi kwa sababu ya urefu wa sketi. Magazeti yalijaa barua za wasomaji, wengine wakishangilia, wengine wakipinga. Mwaka 1972 Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi Uganda. Mwaka 1973 Malawi ilitunga sheria iliyowakataza wanawake kuvaa sketi fupi na hata suruali. Maana yake bugaluu ile ya mama yangu, ambayo leo tunaiona kama kipambo cha albamu, ingempeleka mahakamani kama angevuka mpaka kuingia Malawi.

Wewe unayetaka kuvaa tofauti na wengine, hapo ndipo pa kuchimba. Nguo iliyowahi kuwaudhi wakubwa ina nguvu ndani yake, na nguvu hiyo haiishi haraka. Ndiyo maana minisketi ikivaliwa na soksi nyeusi zilizochanika na buti bado inasimama imara, wakati kola pana za mashati ya kiume ya miaka hiyo hiyo zinabaki kuwa kola pana tu.

Lakini irudie orodha ile ya 1969 taratibu. Ndani yake zimo krimu za kujichubua. Si kila kilichokatazwa kilikuwa uhuru. Nitalirudia hilo tukifika usoni, kwa sababu lina uzito wake.

Sasa bugaluu yenyewe. Mafundi wengi wa leo ukiwaambia bugaluu wanakukatia suruali pana tangu kiunoni, ile ya kupepea. Hiyo ni nguo nyingine. Bugaluu hubana kiunoni na mapajani, inashuka imebana hadi gotini, halafu ndipo inafunguka. Mpelekee fundi picha, na umwonyeshe kwa kidole pale gotini. Nenda na buti utakazovaa, apimie urefu ukiwa umezivaa, pindo la nyuma libaki nusu inchi kutoka ardhini. Likipanda juu zaidi umbo lote linavunjika, likishuka zaidi litafagia matope ya stendi.

Usikubali tetroni ya kizamani hata ukipewa bure. Ndiyo, haikunjamani na haichakai, lakini ni polyester nzito, haipitishi hewa, na joto la Dar la mwezi wa pili unalijua. Chukua drili nyeusi au jinzi. Na kama pesa ni ndogo, kuna njia ambayo vijana wa Marekani na Ulaya waliitumia mwishoni mwa miaka ya sitini kabla viwanda havijaanza kuuza bugaluu zilizo tayari. Nunua jinzi nyeusi iliyonyooka ya mtumba. Mwambie fundi afumue mshono wa nje kuanzia gotini kushuka chini, aingize kipande cha pembetatu cha kitambaa kingine. Mimi niliweka kanga. Nilichagua sehemu ya pindo yenye jina, maneno yakawa yanaonekana nikitembea na kujificha nikisimama. Angalizo moja: majina mengi ya kanga yanamtaja Mungu. Hayo usiyashushe kwenye vifundo vya miguu. Yapo mengine ya kutosha ya mapenzi, ya majirani na ya wivu.

Na hapa nisimame kidogo, maana jambo hili nalipenda. Watu husimulia mtindo wa panki wa London wa mwaka 1976 na 1977 kama vile ndio ulioanzisha kuandika maneno ya uchokozi kwenye nguo. Wanawake wa pwani yetu walikuwa wakivaa maneno ya uchokozi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakayafunga kiunoni, wakapita nayo mbele ya mlango wa mtu waliyemkusudia. Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la chapa ya Mali ya Abdulla, limejenga jina kwa kanga za aina hiyo. Kwa hiyo ukishona maneno kwenye koti lako la jinzi, unajua ulikoyatoa.

Hata panki yenyewe ilianzia kwenye sanduku la zamani. Vivienne Westwood na Malcolm McLaren walipofungua duka lao King's Road, London, mwaka 1971, waliuza nguo za mtindo wa miaka ya hamsini: makoti marefu ya vijana wa Teddy Boy na viatu vya soli nene. Miaka michache baadaye, kutoka dukani humo humo, zikatoka pini za kwikwi, fulana zilizochanwa na mikanda ya ngozi. Walianza kwa kuziheshimu nguo za zamani, wakazikata baadaye, walipokuwa wanajua wanachokikata.

Ukitaka mtu wa kumwangalia katika kizazi kile, mwangalie Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex. Baba yake alikuwa Msomali, mama yake mzungu. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1978, naye alikuwa na miaka 21. Wenzake walijikusanya kwenye nyeusi na ngozi, yeye akavaa nguo za rangi kali kutoka maduka ya mitumba, magauni ya kizamani ambayo hakuna aliyeyataka, na alipanda jukwaani na waya wa kunyooshea meno mdomoni bila kuuficha. Nywele zake alizaliwa nazo, hakuzinyoosha. Kila msichana mweusi anayeambiwa kuwa panki ni mambo ya Wazungu, nampa jina hilo.

Mitumba basi. Wazee wetu waliziita nguo hizi kafa Ulaya, na jina hilo linatukumbusha kuwa kila gauni limeshaishi maisha ya mtu mwingine. Wewe una bahati ambayo msichana wa London hana: kule gauni la miaka ya sabini linauzwa kwenye duka maalumu kwa bei ya kutisha, hapa linaweza kuwa chini ya rundo Karume, au Memorial kule Moshi, au Gikomba kama uko Nairobi. Nenda asubuhi siku ya kufungua robota. Usitafute kwa macho, tafuta kwa vidole. Zipu ya chuma iliyo nzito na mshono uliomaliziwa kwa mkono ndani huwa vinaniambia nguo ina umri. Zipu ya plastiki na lebo ndefu yenye lugha kumi na mbili zinaniambia ni nakala ya juzi. Nakala nayo si dhambi, ilimradi usiilipie bei ya nguo halisi.

Tafuta shumizi. Ile ya satini yenye lesi kifuani, ambayo mama zetu waliivaa ndani ya gauni, mtaani ikauzwa mafungu mafungu. Miaka ya tisini wasichana wa muziki wa grunji walianza kuivaa nje, juu ya fulana. Ukiipata nyeupe au ya rangi ya maziwa, jaribu kwanza kipande cha pindo kwenye rangi nyeusi ya nguo, kwa sababu nailoni na polyester hazinywi rangi kwa namna moja: nailoni hukubali, polyester hukataa ikabaki kijivu cha majivu. Mimi kijivu hicho ninakipenda, lakini ujue mapema.

Kwenye buti, bonyeza soli kwa kidole gumba. Kuna soli za povu la plastiki ambazo zikikaa miaka mingi huoza kimya kimya ndani. Kwa nje zinang'aa, hatua ya mia moja zinamomonyoka kama mkate mkavu. Ukiona ufa mdogo au unga, rudisha. Ukipenda urefu wa raizoni, fundi viatu mzuri anaweza kuongeza soli ya mpira chini ya buti unayoiamini, ukapata urefu ule ule na kifundo chako kikabaki kimeshikwa. Raizoni halisi za zamani zimevunja miguu ya watu wengi, waulize shangazi zako.

Umeniandikia pia kwamba unavaa nyeusi tupu, na kwamba bibi yako hataki kukaa na wewe mezani ukiwa hivyo. Hili linaniuma, na nadhani najua kinachotokea.

Muulize bibi habari za kaniki. Ni kitambaa cha pamba, cheusi au bluu nzito iliyokaribia weusi. Karne ya 19 hapa pwani kaniki ilikuwa nguo ya watu wa kazi ngumu, hasa wanawake waliokuwa utumwani. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliivua kaniki wakavaa kanga, zenye maua na rangi, ili kila mtu aone kuwa wao sasa ni watu huru. Halafu kaniki ina kazi nyingine ambayo haijafa. Iko kwa waganga, pamoja na nyekundu na nyeupe, kwenye mambo ya mizimu na tiba. Kwa hiyo ukiingia sebuleni na nyeusi kutoka shingoni hadi kwenye vidole, wewe unaona picha za Batcave, klabu ya wagothi, vijana wa nguo nyeusi, iliyofunguliwa Soho, London, mwaka 1982. Bibi anaona umaskini wa mama zake, au kilinge. Hana ubaya na wewe. Anaisoma nguo kwa kamusi yake, na kamusi yake kwa hapa kwetu ni ya zamani kuliko yako.

Sisemi uache nyeusi. Mimi mwenyewe navaa nyeusi siku nne kwa wiki. Nasema uijue. Nilipoelewa habari hii nilinunua kaniki halisi, nikashona sketi ndefu ya marinda, na kila ninapoivaa nawakumbuka wale wanawake. Ninaifunga na mkanda wa shanga nyekundu au kanga begani, ili wakubwa wapate pa kuanzia mazungumzo. Mwaka ule nilioishona, mama mmoja mzee Tanga alinishika mkono sokoni akaniuliza, "Mwanangu, kaniki hii umeipata wapi?" Tukaongea nusu saa. Suruali yangu ya ngozi haijawahi kuniletea mazungumzo ya namna hiyo.

Haya, usoni.

Macho unayoyataka, yale marefu meusi ya mwimbaji Siouxsie Sioux, watu huyaita macho ya kigothi. Yamekopwa kutoka kwenye sinema zisizo na sauti za miaka ya kumi na ya ishirini, na hizo zilikopa Misri. Kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa mwaka 1922, Ulaya na Marekani zilipagawa na kila kitu cha Kimisri, macho ya wanja yakiwemo. Bibi zetu wa Lamu, Pemba na Muscat walikuwa na kidau chao cha wanja wakati huo wote. Kwa hiyo anza kwa bibi. Mwombe akuonyeshe anavyopitisha kijiti ndani ya kope bila kulia. Umbo hilo la msingi ukilivuta nje hadi karibu na nywele unapata miaka ya themanini, ukilitia mviringo na kuchora kope za chini moja moja unapata ya mwanamitindo Twiggy, mwaka 1966.

Umbo lichukue kwa bibi, lakini wanja wenyewe nunua wa penseli wenye lebo inayosomeka. Baadhi ya wanja wa unga wa kienyeji hutengenezwa kwa jiwe la galena, na galena ni madini yenye metali ya risasi. Inaingia mwilini taratibu, na kwa watoto na wajawazito madhara yake ni makubwa zaidi.

Sasa ile ahadi yangu. Mdogo wangu, usiufanye uso wako uwe mweupe. Nimeona wasichana wanajipaka poda nyeupe au, vibaya zaidi, wanaingia kwenye mkorogo ili wafanane na picha za wagothi wa Uingereza. Wale wa kule walikuwa weupe tayari, wakakoleza walichonacho. Wewe koleza ulicho nacho. Angalia jalada la albamu ya Nightclubbing ya Grace Jones, mwaka 1981: nywele zimekatwa bapa juu, bega limenyooka kama rula, na ngozi yake nyeusi imekolezwa hadi imekuwa bluu. Hakuna uso wa muongo ule uliotisha na kupendeza kama huo. Kwa ngozi yetu midomo ya zambarau iliyoiva, damu ya mzee na kahawia nyeusi inakaa vizuri kuliko nyekundu ya wazi. Juu ya kope weka rangi ya shaba au kijani cha mbawakawa wa porini, ile inayogeuka ukigeuka. Mashavu ya miaka ya themanini yalipakwa rangi kutoka kwenye fupa la shavu hadi panda la uso. Tumia zambarau, kwa sababu waridi hafifu kwenye ngozi nyeusi hugeuka majivu. Na mkorogo mara nyingi una zebaki au haidrokwinoni. Zebaki inakula figo. Orodha ile ya 1969 iliwatesa wasichana kwa mambo mengi ya kipuuzi, lakini kwenye krimu ilikuwa imekaa mahali pake.

Uso nao ufuate kanuni ya kitu kimoja. Macho yakisema, midomo ipumzike. Nyusi nyembamba za miaka ya thelathini na ya tisini usizitinde hadi ziishe, maana nyusi zikitindwa miaka mingi nyingine hazirudi. Lowanisha kipande cha sabuni ya mche, zilaze nyusi, acha zikauke, paka fandesheni juu yake, kisha chora mstari wako. Ukinawa usiku nyusi zako ziko pale pale.

Piko. Najua mnachorea mikono na shingo mistari myeusi mizuri kwa piko. Ile ni rangi ya nywele, na nyingi zina kemikali inayoitwa PPD. Inaweza kuunguza ngozi ikatoa malengelenge, na mwili ukishaikataa mara moja huenda ukaikataa maisha yako yote, hata siku utakapotaka kupaka nywele rangi tu. Hina ya kawaida itakupa kahawia nzito. Nyeusi kabisa chora na penseli ya wanja, uifute ukirudi.

Nywele nitazisema kutoka moyoni, kwa sababu hapo niliumia. Nikiwa na miaka 17 nilikuwa nimeweka dawa, nywele zimelala mgongoni. Nikataka nyekundu kama ya mwimbaji niliyempenda. Saluni moja, siitaji, ikanipaka blichi juu ya dawa siku ile ile. Usiku zikaanza kukatika mkononi mwangu, mafungu mafungu. Mama hakunigombeza. Alichukua mkasi, akapunguza zote, akaniacha na kidogo juu, kisha akasema, "Sasa umekata denge." Sikujua neno hilo. Akanieleza kuwa ni mkato wa zamani: pembeni unanyolewa, katikati nywele zinaachwa. Vijana wa sasa wanauita kiduku, Marekani wakauita kwa jina la watu wa Mohawk. Babu zetu walikuwa nao. Nilikaa nao miaka miwili.

Kwa hiyo nywele zenye dawa usizipake blichi. Ukitaka rangi, iweke kwenye rasta: zambarau, kijani, kijivu, unavyotaka, na ukichoka unafumua. Afro nayo haihitaji wigi kubwa. Nyoa pembeni, acha juu, ichanue kwa chanuo kuanzia kwenye mizizi, unapata miaka ya sabini na miaka ya leo kwenye kichwa kimoja. Na kuna msuko ambao nawasihi muurudishe, nywele za uzi. Mafungu yanazungushiwa uzi mweusi hadi yanasimama kama waya, unaweza kuyapinda matao, kuyaunganisha, kuyachomeka pete za chuma. Shuleni tulionea haya mabutu tuliyosukwa nyumbani Jumapili jioni. Leo nikiona kichwa cha nyuzi zilizopindwa vizuri, na shingo imefungwa mkufu wa ngozi, nasimama njiani kuangalia. Na nywele zinanyooka bila moto wala dawa, zinapumzika.

Nyumbani watasema. Wengine watakwambia umeingia Freemason. Usipigane nao kwa maneno makali. Usiwaambie pia kuwa ni mambo ya kisasa ambayo hawayaelewi, kwa sababu si kweli. Waombe albamu. Kaa chini na mama au shangazi, muulize kila picha: hii nguo nani aliishona, nani alikukataza kuivaa, ulienda nayo wapi. Kama familia haina picha, ziko nyingine. Zanzibar kuna Capital Art Studio ya ukoo wa Oza, tangu 1930, Mombasa N. V. Parekh aliwapiga picha vijana wa mji kwa miongo kadhaa, wamesimama na miwani, viuno vimevunjwa, kila mmoja kavaa kile alichotaka akumbukwe nacho. Ukishajua mama yako alivaa nini alipokuwa na umri wako, na ni nani aliyemnunia, mazungumzo ya buti zako yanaanzia mahali pengine.

Wala usidhani uko peke yako Morogoro nzima. Nairobi liliibuka kundi la Duma, walioanza 2019 na kutoa albamu mwaka uliofuata kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, muziki mzito kuliko wowote unaousikiliza, na umetoka kwetu.

Umesema kuna harusi ya binamu huyo huyo mwezi ujao. Vaa bugaluu, maana hiyo ndiyo uliyoililia kwenye barua. Drili nyeusi, pembetatu ya kanga gotini kushuka chini. Juu blauzi nyeusi ya kawaida ya mikono mirefu, iingize ndani. Buti zako. Nywele sukia uzi, ziache wazi masikioni ili hereni zionekane. Macho wanja tu, midomo mafuta. Minyororo iache nyumbani siku hiyo, ni harusi ya watu. Kabla ya kwenda kwa fundi, pita kwa shangazi yule wa mlangoni. Mwambie unatafuta kanga ya kukata, muulize kama ana iliyochakaa ambayo bado ina jina zuri, na umuulize yeye alivaa bugaluu mwaka gani.